Maswali ya Wasomaji: Programu Ipi Inafaa Kusomea Vikundi vya Usenet?

Barua za safari hii zote zinahusu jambo moja, nalo ni programu ya kusomea vikundi vya Usenet, yaani mabaraza ya mtandaoni ambamo watu hujadiliana kwa kuandikiana jumbe, kwenye kompyuta ya nyumbani. Tumezifupisha, na waandishi wake tumewaita kwa majina waliyojichagulia wenyewe. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu zinazofuata karibu zote zinaiegemea.

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka mingi nilikuwa nikisoma vikundi vya Usenet kupitia tovuti ya Google Groups, hasa vya lugha na vya hisabati. Tangu tarehe 22 Februari 2024, huduma hiyo ilipoacha kupokea jumbe mpya, ninaona za zamani tu. Rafiki yangu ameniambia nitafute programu ya kuweka kwenye kompyuta yangu, lakini nilipotafuta nilikutana na majina zaidi ya kumi, na baadhi ya programu hizo zinaonekana kutelekezwa na wenyewe. Kompyuta yangu ni ya Windows, si mpya, na mimi si fundi. Nichague ipi, na nitajuaje kwamba nimechagua vizuri? — Mwalimu Mstaafu

JIBU: Mwalimu, kwa hali uliyoieleza, weka Thunderbird. Ni programu ya barua pepe inayotolewa bure, inafanya kazi katika Windows, Linux na macOS, bado inarekebishwa hadi leo, na ndani yake mna uwezo wa kusoma vikundi ambao watumiaji wake wengi hawajawahi kuugusa. Ningeweza kuishia hapo, lakini umeuliza pia utajuaje kwamba umechagua vizuri, na swali hilo la pili ndilo zito zaidi, kwa kuwa huenda baada ya miezi sita ukaona Thunderbird haikutoshi na ukataka kujua hasa ni kitu gani unachokikosa.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo tovuti uliyoizoea ilikuwa imevifunga pamoja. Usenet haina makao makuu. Tangu Tom Truscott na Jim Ellis walipoibuni mwaka 1979, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, imekuwa ni seva nyingi, yaani kompyuta za kutunza na kugawa jumbe, zinazopelekeana jumbe hizo, kila moja ikibaki na nakala yake. Tovuti ile ilikuwa seva na programu ya kusomea kwa wakati mmoja. Ilipojitoa, vikundi havikufa, ila mlango mmoja wa kuingilia ndio uliofungwa. Sasa unahitaji akaunti kwenye seva mojawapo, na programu itakayozungumza na seva hiyo kwa kanuni za mawasiliano ziitwazo NNTP, zilizochapishwa mara ya kwanza mwaka 1986 na kuandikwa upya mwaka 2006. Seva ya Eternal September hutoa akaunti za bure kwa vikundi vya maandishi, sharti ujiandikishe kwanza. Kwa kuwa kanuni hizo ni za wote, programu yoyote ya kusomea hufanya kazi na seva yoyote, na hilo linaondoa hofu kubwa katika uchaguzi wako: ukikosea leo, kesho unaiondoa programu na kuweka nyingine, na vikundi vyako unavikuta palepale.

Sasa nitaje kigezo ninachokitanguliza mbele ya vyote, ingawa kinaweza kukushangaza: angalia jinsi programu inavyokusaidia kutosoma. Kikundi chenye uhai hupokea jumbe nyingi kuliko unazozihitaji, na kazi yako ya kila siku si kuzimaliza bali kuzipita haraka hadi ufikie zile tano au sita zinazokuhusu. Unapofungua kikundi, programu haichukui maandishi yote mara moja. Huiomba seva muhtasari wa kila ujumbe, wenye mambo saba: mada, mwandishi, tarehe, kitambulisho cha ujumbe, vitambulisho vya jumbe zilizoutangulia, ukubwa wake, na idadi ya mistari yake. Ujumbe wenyewe huletwa pale tu unapoufungua. Kwa hiyo programu inajua mengi kuhusu ujumbe kabla wewe hujausoma, na tofauti kati ya programu nzuri na mbaya iko katika namna inavyoyatumia mambo hayo saba.

Matumizi ya kwanza ni kupanga nyuzi, na uzi ni ujumbe mmoja pamoja na majibu yake yote. Kila ujumbe una kitambulisho ambacho hakuna ujumbe mwingine ulio nacho, na kila jibu hubeba vitambulisho vya jumbe lililotokana nazo, hivyo programu inaweza kuchora mti mzima wa mazungumzo, kila jibu likikaa chini ya kauli linayoijibu. Programu zinazopanga kwa tarehe peke yake huchanganya mazungumzo matano yanayokwenda sambamba, na msomaji hulazimika kukisia nani anamjibu nani. Zipo pia zinazounganisha jumbe kwa kulinganisha maneno ya mada tu. Hizo huonekana sawa mpaka siku mtu atakapobadilisha mada katikati ya mjadala, na hapo uzi hukatika vipande viwili. Jaribio lake ni rahisi. Tafuta uzi mrefu ambao mada yake imebadilishwa njiani, kisha tazama kama programu imeuacha mzima. Thunderbird inafaulu jaribio hili, mradi uchague mwonekano wa nyuzi.

Matumizi ya pili ni kunyamazisha. Jiulize: nikiuchoka uzi fulani, ninaweza kuufunga kwa kubonyeza kitufe kimoja, na ukabaki umefungwa hata majibu mapya yakija wiki ijayo? Katika Thunderbird kitufe hicho ni herufi K. Herufi W hufanya kinyume chake, yaani huuwekea uzi alama kwamba unaufuatilia. Jiulize pia kama unaweza kumwondoa mbele ya macho yako mwandishi anayekukera, bila kumwambia na bila kugombana naye. Wazo hili ni la zamani. Larry Wall, ambaye baadaye alitunga lugha ya kompyuta ya Perl, alitoa mwaka 1984 programu ya kusomea iliyoitwa rn, nayo ilikuwa na faili maalumu ambamo msomaji aliandika mada na majina asiyotaka kuyaona tena. Tangu hapo kila programu ya kusomea inayojiheshimu imekuwa na kitu cha namna hiyo.

Hatua ya juu zaidi ni alama, na hapa ndipo Thunderbird inapoachwa nyuma. Programu za Pan na slrn hukuruhusu kuandika kanuni ndogo ndogo zinazompa kila mwandishi, kila neno la mada, au hata kila uzi pointi za kuongeza au kupunguza. Programu hujumlisha, kisha huzipanga jumbe kwa jumla yake. Mtu anayefuata kikundi cha isimu aweza kuongeza pointi 500 kwa mada yenye neno "Bantu", akapunguza 300 kwa mwandishi anayependa ubishi, na ujumbe wa mbishi huyo kuhusu lugha za Kibantu bado ukapenya kwa pointi 200. Anayefikia 9999 hupewa nafasi ya mbele daima, na anayeshuka hadi kasoro 9999 hutoweka kabisa. Thunderbird ina vichujio, lakini vichujio vyake ni vya ndiyo au hapana: ujumbe unaolingana na sharti hufutwa, huwekewa nyota, au huhesabiwa kuwa umeshasomwa. Kwa msomaji wa vikundi vitatu au vinne hiyo inatosha. Kwa msomaji wa vikundi thelathini haitoshi, na huyo ndiye ningemwambia aende kwenye Pan, ambayo ina madirisha na vitufe vya kubofya kama programu nyingine yoyote na inapatikana kwa Linux na kwa Windows pia.

Hayo yalikuwa ya kusoma. Katika kuandika, jambo la kwanza kulitazama ni kama programu imetenganisha waziwazi kitufe cha kujibu kikundini na kitufe cha kumjibu mwandishi faraghani. Nilipoanza, nilitumia programu ambayo vitufe hivyo viwili vilikaa ubavu kwa ubavu na kufanana kama mapacha. Nikaandika maneno ya kumpoza mtu mmoja baada ya ubishi mkali, nikayatuma, na kikundi kizima kikayasoma. Ujumbe ukishatoka haurudi, kwani amri ya kuufuta ipo lakini seva nyingi huipuuza. Nilihama programu ile wiki hiyohiyo.

Kisha tazama nukuu. Desturi ya Usenet ni kunukuu sehemu ndogo ya ujumbe unaoujibu, kila mstari ukitanguliwa na alama ya >, na kuandika jibu lako chini yake, ili msomaji afuate mazungumzo kutoka juu kwenda chini kama asomavyo ukurasa. Programu nzuri hutayarisha nukuu hiyo bila kuvunja mistari ovyo, na hukata yenyewe saini ya mwandishi wa kwanza, yaani mistari ya jina na maelezo yake mwishoni mwa ujumbe. Hilo la saini linategemea alama ndogo sana: vistari viwili na nafasi moja tupu, peke yake mstarini, ndiyo mpaka kati ya maneno yako na saini yako, ambayo kwa adabu haizidi mistari minne. Outlook Express, iliyokuja na Windows mpaka zama za XP, ilivuruga nukuu kiasi kwamba watumiaji walijitengenezea programu ndogo ya kuirekebisha. Wapenzi wa Usenet waliwahi hata kuandika vigezo vya kuzipima programu za kusomea, vinavyojulikana kwa kifupi cha GNKSA, na Pan ni miongoni mwa zilizovizingatia kwa dhati: ukinukuu mengi kuliko unayoyaandika, au saini yako ikirefuka, itakuonya kabla ya kutuma. Wako wanaoliona onyo hilo kuwa kero. Mimi naliona kuwa rafiki mkweli.

Ukiweka Thunderbird, ingia kwenye mipangilio ya akaunti ya vikundi, uzime uandishi wa HTML, kwa maana Usenet ni ya maandishi matupu na wengi wataziona alama zako za mapambo kama takataka. Chagua pia jibu lianzie chini ya nukuu. Kwa seva, usitumie poti namba 119, ambayo ni ya zamani na haina usimbaji (yaani kuyaficha mawasiliano yasisomwe na wengine njiani), ila tumia 563 pamoja na usimbaji wa TLS, ili nenosiri lako lisipite uchi mtandaoni.

Hapo ndipo penye jibu la programu ulizoziona zimetelekezwa. 40tude Dialog na Xnews zilipendwa sana na watumiaji wa Windows katika enzi zao, na wapo wanaozisifu hadi leo, kwa haki kabisa, kwa wepesi wake na kwa alama zake. Lakini maendeleo yake yalikoma zamani, kabla ya usimbaji unaotumika sasa, na mtu anayezitumia leo hulazimika kuweka programu nyingine katikati ya kuzisimbia mawasiliano. Fundi anaweza kufanya hivyo kwa raha zake. Wewe umesema si fundi, basi ziache.

SWALI: Mhariri, katika vikundi ninavyovisoma, neno "ng'ombe" huonekana "ngâ€™ombe", na vivyo hivyo kwa maneno yote yenye ng'. Nimebadilisha aina ya maandishi ya skrini (fonti) mara tatu bila mafanikio. Je, nibadilishe programu? — Mpenzi wa Sarufi

JIBU: Pengine ndiyo, lakini kwanza tujue nani mwenye kosa. Kompyuta huhifadhi herufi kama namba, na kuna majedwali mbalimbali yanayosema namba ipi ni herufi gani. Kiswahili kina bahati: herufi zake zote zimo katika jedwali la awali kabisa la ASCII, na hata kidoto cha ng' kikiwa kimenyooka kimo humo. Taabu huanza mwandishi anapoandika kwenye programu ya ofisi inayokipinda kidoto hicho kwa ajili ya urembo. Kidoto kilichopinda hakimo katika jedwali la awali. Katika jedwali la UTF-8 huhifadhiwa kwa namba tatu zinazofuatana, na programu inayosoma namba hizo kwa jedwali la zamani la Windows huzionyesha kama alama tatu zisizohusiana. Hizo tatu ndizo unazoziona ndani ya ng'ombe wako. Maandishi ya skrini hayahusiki kabisa, ndiyo maana kuyabadilisha hakukusaidia.

Kila ujumbe unapaswa kutaja umeandikwa kwa jedwali gani. Fungua chanzo cha ujumbe mmoja wenye tatizo, utazame mistari yake ya mwanzo. Kama UTF-8 imetajwa hapo na programu yako bado inakosea, basi kosa ni la programu yako, tena huenda ni ya zama ambazo kanuni za Usenet zilijua ASCII tupu. Ihame bila majuto. Kama haikutajwa, kosa ni la programu ya mwandishi, na dawa ni programu inayokuruhusu kulazimisha jedwali unalolitaka kwa kikundi kizima. Pan ina uwezo huo. Na unapoandika wewe, tumia kidoto kilichonyooka, utawasaidia hata wale waliong'ang'ania programu za zamani.

SWALI: Kwetu intaneti huja na kuondoka, na kompyuta ni moja tu kwa watu wanne. Ningependa kupakua jumbe asubuhi na kuzisoma usiku bila mtandao. Je, hilo linawezekana, na je, kila mtu atabaki na vikundi vyake? — Mama wa Watatu

JIBU: Mama, Usenet iliundwa kwa ajili ya watu wa hali kama yako. Seva za mwanzo zilipigiana simu usiku, zikapeana jumbe, zikakata. Aliyesoma asubuhi alisoma zilizoletwa usiku. Wanaokaa mtandaoni mchana kutwa ndio wageni katika desturi hii.

Katika Thunderbird unakitia alama kila kikundi unachotaka kukisoma nje ya mtandao, kisha asubuhi unaagiza kupakua, nayo huleta jumbe kamili badala ya muhtasari. Majibu utakayoyaandika usiku hukaa kwenye kisanduku cha kutokea mpaka mtandao urejee. Kwa kuwa jumbe za vikundi vya maandishi kwa kawaida ni kilobaiti chache kila mmoja, mamia yake hayatalemea hata muunganisho dhaifu. Angalizo moja tu: mara ya kwanza unapofungua kikundi cha zamani, programu hukuta maelfu ya jumbe na, zikizidi 500, hukuuliza uchukue ngapi. Usikubali zote. Anza na hizo 500.

Kuhusu watu wanne, kosa la kawaida ni kutumia programu moja iliyofunguliwa kwa jina moja, kisha kila mtu akakuta jumbe zake zimeshahesabiwa kuwa zimesomwa na mwingine. Mfungulie kila mmoja akaunti yake katika mfumo endeshi wa kompyuta yenyewe. Thunderbird itamtunzia kila mmoja vikundi vyake, vichujio vyake na nyuzi alizozifunga. Ubaya wake ni kwamba kikundi kinachosomwa na wawili kitapakuliwa mara mbili. Kama kompyuta ni ya Linux na katika nyumba yumo mwenye subira ya kuhariri mafaili ya mipangilio, kuna seva ndogo iitwayo leafnode, ambayo hukaa ndani ya kompyuta yenu, huchukua vikundi vile tu ambavyo mtu amevifungua, na huacha kukichukua kikundi ambacho hakuna anayekisoma tena. Kila mtu huielekezea programu yake badala ya kuielekeza kwenye seva ya mbali, na ujumbe mmoja hupakuliwa mara moja kwa nyumba nzima. Mimi nimeitumia, na usumbufu wake ulikuwa wa siku ya kwanza tu.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi, ninatumia Linux, na ninapenda kufanya kazi katika terminali bila kugusa kipanya. Wenzangu wananicheka. Kati ya slrn, tin na Gnus, ungenishauri ipi? — Mpiga Kibodi

JIBU: Marahaba mwanangu, na waache wacheke. Ukizoea kusoma kwa vitufe tu, utamaliza vikundi kumi kabla mwenye kipanya hajafungua cha tatu.

Anza na slrn. Imeandikwa na John E. Davis, ni nyepesi, na kanuni zake za alama ni zile nilizozieleza katika jibu la kwanza. Hata Pan huandika kanuni zake kwa muundo huohuo, kwa hiyo siku ukitaka madirisha utahama na faili lako mkononi. Ina pia mwenzake aitwaye slrnpull, wa kupakua jumbe kwa ajili ya kuzisoma nje ya mtandao. Ugumu wake ni kwamba mipangilio yote imo katika faili la maandishi, na usipoihariri utaiona kavu. Programu ya tin, ambayo imekuwepo tangu mwaka 1991, ni ya upole zaidi kwa mgeni kwa sababu ina menyu ya kubadilishia mambo mengi papo hapo, nayo bado inatunzwa.

Gnus nimeiacha mwisho kwa makusudi. Hukaa ndani ya Emacs, programu ya kuandikia na kuhariria maandishi, na uwezo wake ni mkubwa kuliko wa nyingine zote nilizozitaja: unaweza kuiamuru ikutazame unavyosoma, ijifunze yenyewe ni mada zipi unazifungua na zipi unazipita, kisha ipange alama bila wewe kuandika kanuni. Lakini kujifunza Emacs kwa ajili ya kusoma vikundi ni kununua shamba kwa ajili ya embe moja. Kama Emacs tayari ndiyo unayoandikia, chagua Gnus na usitazame nyuma; kama siyo, slrn inakutosha.

SWALI: Nimehamia seva nyingine, na ghafla programu yangu inadai sijasoma ujumbe hata mmoja katika vikundi nilivyovisoma kwa miaka. Katika kikundi kimoja imefanya kinyume: imesema nimeshasoma zote, hata za leo. Je, programu imeharibika? — Mhamiaji

JIBU: Haijaharibika. Kila seva huzipa jumbe namba za mfululizo kadiri zinavyoifikia, na programu yako haikumbuki jumbe ulizosoma kwa majina yake, hukumbuka namba hizo tu, kwa mfano kwamba umesoma 1 hadi 4520. Katika seva mpya ujumbe uleule una namba nyingine kabisa. Pale namba za seva mpya zilipo kubwa kuliko zako, kila kitu huonekana kipya. Pale zilipo ndogo, kila kitu huonekana kimesomwa. Ni udhaifu wa zamani ambao programu nyingi zinao, kwa hiyo kubadilisha programu hakutakuponya.

Iongeze seva mpya kama akaunti mpya, usibadilishe jina la seva ndani ya akaunti ya zamani. Kisha, katika kila kikundi, tumia amri ya kuhesabu jumbe kuwa zimesomwa kwa tarehe, ukichagua zote mpaka siku uliyohama. Thunderbird inayo amri hiyo. Ni kazi ya dakika chache kwa vikundi kumi.

SWALI: Programu inanitaka niandike anwani yangu ya barua pepe, ambayo itaonekana na kila mtu. Nikiandika ya uongo nitakuwa nimevunja sheria? — Mwenye Haya

JIBU: Hofu yako ina msingi, kwani wakusanyaji wa anwani za kupelekea barua taka wamekuwa wakipekua vikundi hivi tangu miaka ya 1990. Hata hivyo usibuni anwani ya hivi hivi tu, kwa maana unaweza kuangukia kikoa (jina la mtandaoni linalofuata alama ya @) cha mtu halisi ukamletea taabu ambayo ulitaka kuikimbia. Tangu mwaka 1999 mwisho wa .invalid umetengwa rasmi ili usiwahi kuwa kikoa cha mtu yeyote. Anwani inayoishia hivyo haimdhuru mtu. Soma kwanza masharti ya seva yako uone kama inaikubali. Ikiwa haikubali, fungua anwani ya pembeni kwa kazi hii peke yake.

SWALI: Tumeambiwa SABnzbd na NZBGet ndizo programu bora za Usenet. Mbona hamzitaji kamwe? — Ndugu Wawili

JIBU: Kwa sababu hazisomi. Kazi yake ni kupakua mafaili makubwa yaliyokatwa vipande mamia na kuyaunganisha tena, na seva za bure za maandishi tulizozizungumzia hazibebi mafaili hayo. Mkiiweka mojawapo mkitegemea kufuata mazungumzo, mtakuta haina hata mahali pa kuandikia jibu.